CD-R, CD-RW au DVD: nichome nyimbo zangu kwenye ipi?

Swali

Shikamoo mzee. Nina nyimbo 60 za MP3 kwenye kompyuta, jumla yake megabaiti 288. Nataka kuzichoma ili baba azisikilize kwenye redio yake ya CD ya miaka mingi, na sisi wengine tuzisikilize kwenye gari na kwenye deki ya DVD ya sebuleni. Diski zenyewe zimenichanganya: kuna CD-R, CD-RW, DVD-R, DVD+R, na pakiti moja ya CD-R imeandikwa kuwa ni ya muziki. Nilipojaribu CD-R ya megabaiti 700, kompyuta iliniambia nafasi haitoshi, ikakubali nyimbo 23 tu. Inakuwaje? Tena ninazo kanda za kwaya aliyoimba baba, nimeshazihamishia kwenye kompyuta, na hizo nataka zidumu. Ninunue diski gani?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nunua CD-R za kawaida za dakika 80, zile zile ulizokwisha kuzijaribu. Kwa redio ya baba utachoma CD za muziki tatu, kwa gari na deki utachoma CD moja yenye faili za MP3 zote 60, na kanda za kwaya nitazieleza peke yake. Sasa nikwambie sababu, kwa kuwa umeuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

Unapochagua diski, anza na mashine itakayoisoma. Kompyuta yako ina kichomaji kinachokubali karibu kila diski utakayokitilia, kwa hiyo yenyewe haikupi shida. Mashine ngumu kati ya zako ni redio ya baba. Ile inajua jambo moja tu, CD ya muziki, na kila uamuzi unaohusu nyimbo za baba lazima umfuate yeye na redio yake.

Tuje kwenye zile nyimbo 23. Kanuni za CD ya muziki ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980, na CD zikaanza kuuzwa mwaka 1982, kabla MP3 haijakuwapo. Ndani ya CD ya muziki hakuna faili hata moja. Kuna sauti tupu, iliyopimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, upande wa kulia na wa kushoto. Zidisha utapata baiti 176,400 kwa kila sekunde moja ya muziki. Haijalishi ni ngoma nzito au ni mtu mmoja anapiga mluzi, sekunde ni zile zile baiti 176,400.

Nyimbo zako 60 zenye megabaiti 288 zinakwenda wastani wa megabaiti 4.8 kila mmoja. Kama zilibanwa kwa kilobiti 192 kwa sekunde, na nadhani ndivyo, basi kila wimbo una kama dakika 3 na sekunde 20. Ukiiambia programu ikuchomee CD ya muziki, inaukunjua kila wimbo kutoka kwenye MP3 na kuurudisha katika hali ya baiti 176,400 kwa sekunde. Wimbo uliokuwa megabaiti 4.8 unakuwa megabaiti 35. Nyimbo 60 zina jumla ya dakika 200, na CD ina dakika 80. Ishirini na tatu ndizo zinazoenea. Ya 24 ingegusa ukingo kabisa. Kompyuta haikukosea. Kuanzia sasa, ukichoma CD ya muziki hesabu dakika, ukichoma CD ya faili hesabu megabaiti, na hutashangazwa tena.

Kukunjua huko hakurudishi sauti iliyotupwa MP3 ilipotengenezwa. Wengi wanaamini kwamba wimbo ukishakuwa kwenye CD ya muziki umepanda ubora. Haupandi. Umekuwa mkubwa tu, kama godoro lililotolewa kwenye kifungashio. Kama una chanzo cha wimbo katika WAV au FLAC, yaani faili za sauti ambazo hazijatupwa kitu, chomea hicho.

Lakini kuna fumbo dogo hapa ambalo napenda sana kulieleza. Dakika 80 za muziki ni megabaiti karibu 847. Zinaeneaje kwenye diski iliyoandikwa 700? Diski ya CD imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, 75 kwa kila sekunde, na kila sekta ina baiti 2,352. Kwenye muziki baiti zote hizo ni sauti. Kwenye CD ya faili, baiti 2,048 tu ndizo za faili yako; 304 zilizobaki ni za anwani na za ulinzi wa ziada dhidi ya makosa. Ndiyo maana diski ile ile ni 847 kwa muziki na 700 kwa faili.

Tofauti hiyo inaonekana CD ikikwaruzika. Kila CD, ya muziki au ya faili, ina kinga ya kwanza inayoweza kuziba pengo la hadi kama milimita 2.5 kwenye mstari wa data. Jeraha likizidi hapo, redio inayosoma muziki hukisia: inatazama sauti iliyotangulia na inayofuata, inajaza katikati, na mara nyingi sikio halitambui. Faili haiwezi kukisiwa hivyo, kwa sababu baiti moja ikiwa si sahihi faili si ile tena. Kwa hiyo ilipewa kinga ya pili, zile baiti za ziada. Shika jambo hili, tutalihitaji kwenye kanda za kwaya.

Sasa CD ya MP3. Hapa unaichukulia CD-R kama sanduku la faili. Nyimbo zako 60 zinaingia zote na zaidi ya nusu ya diski inabaki wazi. Kwa kilobiti 192 CD moja hubeba zaidi ya saa 8 za muziki. Inahitaji mashine inayojua kufungua MP3. Tazama uso wa redio ya gari: kama imeandikwa MP3, inajua. Deki ya DVD ya sebuleni karibu hakika inajua, ila jaribu moja kabla hujachoma kumi. Redio ya baba haijui. Ukimpa CD hiyo itakaa kimya, au ikiwa ya zamani zaidi italia ngurumo, kwa kuwa inajaribu kuzisoma faili kama sauti.

Kwenye Windows kuna mtego mmoja ambao umewapotezea diski watu wengi walioniandikia. Ukitia CD tupu na kuburuta faili juu yake, kompyuta hukuuliza unataka kuitumiaje: kama kumbukumbu ya USB, au kwa ajili ya deki za CD na DVD. Chagua ya pili. Ya kwanza inapendeza kwa sababu unaongeza na kufuta faili utakavyo, lakini inaipangilia diski kwa namna ambayo redio nyingi za gari hazijawahi kufundishwa. Mtu anafika garini, redio inaizungusha diski mara mbili, inaitema, na lawama zote zinaangukia CD.

Ndani ya CD ya MP3, majina ya faili ni mpangilio. Mashine nyingi hupiga nyimbo kwa kufuata alfabeti, kwa hiyo anza kila jina na namba: 01, 02, 03, mpaka 60. Usiandike 1, 2, 3, kwani 10 itaruka mbele ya 2. Tumia folda chache, zisizoingiliana ndani kwa ndani. Na soma kijitabu cha redio, maana nyingi zina kikomo cha idadi ya faili. Zipo zinazoishia 255, na hizo hata ukizitilia diski yenye nyimbo 500 zitajifanya hazizioni zilizobaki.

Hapo ndipo watu wanaporukia DVD. Gigabaiti 4.7! Nyimbo kama zako zingeingia zaidi ya 900. Nami nakuuliza: nani atazisoma? Redio ya CD ina leza ya mwanga wa nanomita 780, na mistari ya CD imepishana kwa maikromita 1.6. Mistari ya DVD imebanana, 0.74 tu, na husomwa kwa leza ya nanomita 650. Redio ya CD haina jicho la kuiona DVD kabisa, na hakuna fundi wala programu itakayolibadilisha hilo. Redio nyingi za gari ziko hivyo hivyo. Inayobaki ni deki yako ya sebuleni, na kwa hiyo peke yake DVD yenye MP3 inafaa, mradi deki isiwe na kikomo kidogo cha faili.

Ukiamua kuchoma DVD, kati ya DVD-R na DVD+R usikose usingizi. Zilianza kama ushindani wa makundi mawili ya viwanda. DVD-R ilitangulia mwaka 1997, DVD+R ikaja mwaka 2002. Vichomaji vya leo vinachoma zote mbili na deki za leo zinasoma zote mbili. Kama deki yako ni ya zamani sana, chukua DVD-R, kwa kuwa deki za miaka ile zilikutana nayo kwanza. Na ukitaka kutengeneza DVD ya kawaida ya kuonyesha picha na muziki, fahamu kwamba DVD hutumia vipimo 48,000 kwa sekunde, si 44,100. Programu italazimika kuibadilisha sauti yako. Kwa muziki mtupu sioni sababu ya kuingia huko.

CD-RW ndiyo diski ninayowasihi watu waiache mahali pake. Naielewa hamu yake: unachoma, unafuta, unachoma tena, hata mara 1,000 hivi. Tatizo liko kwenye mwanga. CD ya kiwandani hurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga wa leza. CD-R hurudisha kama 65 au zaidi, na redio nyingi hazioni tofauti. CD-RW hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu, kwa sababu haitumii rangi inayoungua kama ya CD-R. Inatumia aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ambayo leza huigeuza kutoka fuwele kuwa isiyo fuwele na kuirudisha. Mashine iliyotengenezwa baada ya CD-RW kuingia sokoni mwaka 1997 huenda ina uwezo wa kuongeza usikivu wake ikikutana na mwanga hafifu. Iliyotengenezwa kabla ya hapo haioni chochote.

Niliwahi kuchoma nyimbo za arusi ya jamaa yangu kwenye CD-RW kwa kuwa orodha ilikuwa inabadilika kila siku. Nilizijaribu kwenye kompyuta zikalia vizuri. Ukumbini mashine iliizungusha, ikasimama, ikaandika kwamba hakuna diski. Bibi arusi alikuwa mlangoni. Tukaimba kwa midomo mpaka nilipopata CD-R na kompyuta ya mtu. Tangu siku ile natumia CD-RW kwa jaribio la garini kwangu tu, na kazi yoyote itakayosikilizwa na mtu mwingine huenda kwenye CD-R.

Ile pakiti ya CD-R za muziki iache rafuni. Haina sauti bora zaidi. Zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za mezani za kurekodi CD bila kompyuta, ambazo hukataa diski isiyo na alama maalumu. Nchini Marekani alama hiyo inahusiana na sheria ya mwaka 1992 inayotoza malipo kwa ajili ya wenye haki za muziki. Kompyuta haijali alama hiyo. Ukikuta ni hizo tu zilizopo, nunua, zitafanya kazi vile vile. CD zinazotangazwa kuwa za dakika 90 au 99 ndizo ninazokukataza kwa mkazo: zimevuka kanuni, na redio ya zamani huanza kukwama zile nyimbo za mwisho.

Sasa kuchoma kwenyewe kwa ajili ya baba. Katika programu chagua CD ya muziki, si CD ya data. Programu nyingi zinazojulikana, kuanzia Windows Media Player, Music ya kompyuta za Apple, hadi Brasero na K3b za Linux, zina chaguo hilo, ingawa maneno yanatofautiana. Kisha tafuta kama kuna chaguo la kuchoma diski yote kwa mkupuo mmoja. Leza ikichoma wimbo mmoja mmoja, huzimwa na kuwashwa kati ya wimbo na wimbo. Unapata ukimya wa sekunde 2, na kwenye redio nyingine mlio mdogo wa kukwaruza. Ikichoma kwa mkupuo mmoja haisimami toka mwanzo hadi mwisho, na wewe ndiye unayeamua kama kuwe na ukimya au la. Kwa nyimbo za kawaida sekunde 2 si neno. Kwa kwaya iliyorekodiwa mbele ya watu, makofi ya wimbo mmoja yakiingia kwenye utangulizi wa mwingine, ukimya huo unauma sikio.

Hakikisha diski imefungwa. Kufunga maana yake ni kuandika jedwali la mwisho linaloiambia redio nyimbo ziko ngapi na kila mmoja unaanzia wapi. Kichomaji kinaweza kuisoma diski isiyofungwa, redio haiwezi. Usijaribu pia kuongeza nyimbo kwenye CD ya muziki kwa awamu ya pili; redio ya kawaida husoma awamu ya kwanza na kuishia hapo. Nyimbo za baba zigawe mara tatu, ishirini ishirini, kila CD itakuwa na dakika kama 67. Hilo linakuachia nafasi, na baba anapata CD zenye mpangilio, labda za asubuhi, za Jumapili na za jioni.

Kasi? CD-R nyingi zimeandikwa 52x, yaani mara 52 ya kasi ya kusikiliza. Mimi huchoma muziki kwa 16x, diski nzima inachukua dakika 5 au 6 hivi, na redio za zamani zimekuwa zikizipokea vizuri kuliko zile za haraka. Usishuke mpaka 1x ukidhani polepole sana ni bora zaidi. Rangi za diski za leo zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na vichomaji vingi haviwezi hata kwenda polepole hivyo. Wakati wa kuchoma funga programu nyingine nzito. Vichomaji vya tangu mwaka 2000 na kuendelea vina kinga ya kusimama na kuendelea data ikichelewa, lakini kwenye CD ya muziki mimi sipendi kinga hiyo ifanye kazi bila lazima.

Ukimaliza, usiandike juu ya CD kwa kalamu ya wino ya ncha ngumu. Watu huilinda sana sehemu ya chini inayong'aa, kumbe muziki uko juu, chini tu ya varnishi nyembamba ya upande wa maandishi. Mkwaruzo wa chini mara nyingi husafishika. Wa juu unachana kioo chenyewe kinachorudisha mwanga wa leza, pamoja na wimbo. DVD ni tofauti, imeundwa kwa vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa na data iko katikati. Kwenye CD tumia kalamu laini iliyotengenezwa kwa ajili ya CD, na usibandike karatasi: ikikaa upande mmoja diski inayumba, na joto la gari huifanya ijibandue ndani ya redio.

Sasa kanda za kwaya, na hapa nakuomba uchukue muda. Usizihifadhi kama CD ya muziki. Baba umtengenezee ya kusikiliza, naam, lakini nakala ya kudumu iwe faili za WAV au FLAC kwenye CD-R au DVD-R ya data. Kumbuka ile kinga ya pili. Ukiirudisha faili kutoka kwenye CD ya data, ama unaipata ile ile, baiti kwa baiti, ama kompyuta inakwambia imeshindwa. CD ya muziki ikianza kuchakaa itakupa sauti iliyokisiwa bila kukuonya, na wewe utainakili ukidhani ni sauti ya baba yako. FLAC inabana bila kutupa kitu na mara nyingi hupunguza ukubwa kufikia kama nusu, kwa hiyo kanda ya dakika 90 inaenea kwenye CD moja. Usiziweke kamwe katika MP3 peke yake.

Rangi iliyo ndani ya CD-R haipendi jua wala joto. Igeuze CD-R uitazame: buluu iliyokolea ni azo, kijani cha samawati ni sianini, na ikionekana fedha au dhahabu isiyo na rangi nyingine ni ftalosianini. Azo na ftalosianini zina sifa ya kustahimili mwanga kuliko sianini ya kawaida. Kwa kanda chukua moja kati ya hizo mbili. Kama kichomaji chako kina alama ya M-DISC, zipo DVD za jina hilo ambazo safu yake ya data haina rangi ya kikaboni kabisa, na kwa kazi ya aina hii nisingezikataa. Lakini hata hizo usiziamini peke yake. Choma nakala mbili kwenye diski za pakiti mbili tofauti, weka nakala ya tatu kwenye diski kuu ya nje ya kompyuta, na moja kati ya hizo ikae nyumba nyingine. Zisimamishe wima ndani ya makasha magumu, kabatini, mbali na dirisha.

Kila mwaka zitoe, uzinakili zote kwenye kompyuta mwanzo hadi mwisho. Siku moja ikisita, hata mara moja, usisubiri. Choma mpya siku hiyo hiyo kutoka kwenye nakala iliyo nzima. Na zile kanda zenyewe usizitupe. Vifaa vya kusomea kanda vinaweza kupatikana vizuri zaidi ya ulichotumia, na huenda ukataka kuzihamisha upya.